Dada unayemfuata mume ughaibuni, awepo mtu mmoja nyumbani anayejua ukweli

Katika wazee wote niliowahudumia hapa Ontario, Kanada, hakuna aliyenifunza maisha ya ughaibuni kama bibi mmoja wa Kiholanzi, mwenye miaka zaidi ya tisini. Siku ya kwanza nikimenya viazi alininyang'anya kisu. Ganda lake lilikuwa jembamba hata ukiliinua dirishani unaona mwanga.

Ilikuwa ni njaa iliyomfunza. Majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945, katika Vita vya Pili vya Dunia, Wajerumani walifunga njia za chakula magharibi mwa Uholanzi, wakafa watu kama 20,000. Kwao walikula bitiruti za kutengenezea sukari, kisha vitunguu vya maua ya tulipu. Mei 1945 wakaingia wanajeshi wa Kanada. Mmoja wao akamwoa.

Wanawake wa Kiholanzi karibu 1,900 waliolewa hivyo. Serikali ya Kanada ilisafirisha wake na watoto wa askari zaidi ya 64,000, wengi wao kutoka Uingereza. Meli iliwashusha Halifax, kwenye gati la Pier 21, halafu treni, siku baada ya siku. Bibi alinisimulia vile vituo vidogo: mke mmoja anashuka na sanduku lake, wenzake wamejazana madirishani kuona kama mume amekuja.

Mume wa Bibi alikuja. Ila ile nyumba aliyoahidiwa ilikuwa chumba kimoja kwa wakwe, maji ya kisima, choo nje kwenye theluji. Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji, na mama mkwe hakuwa na subira. Akamwandikia mama yake kwamba mambo ni mazuri. Akaandika hivyo miaka kumi na miwili, mpaka mama akafariki. "Hakunijua tena," aliniambia. Baridi alishaisamehe, hilo hapana.

Nilishindwa kumtazama. Asubuhi ileile nilikuwa nimemtumia mama yangu Tanga picha ya sebule ya Bibi, nikamwacha aamini ni yangu, wakati mimi na mume wangu tulikuwa na mwezi hatusemeshani. Usiku nikampigia dada yangu mkubwa, nikamweleza yote. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Umekula?" Nikalia mpaka salio likakata.

Kwa hiyo mdogo wangu, kabla hujapanda ndege, uliza nyumba ni ya nani na mtaishi na nani humo. Omba akuonyeshe jiko na choo, sebule kila mtu anayo. Pasipoti yako ikae kwako. Na mchague mtu mmoja wa kumwambia ukweli tangu wiki ya kwanza, maana uongo wa mwaka mzima ni mgumu kuufuta. Si lazima awe mama, kama ana presha. Awe mtu mwenye kifua, asiyepeleka maneno kwenye kundi la ukoo.

Na watoto wasemeshe lugha yako, hata wakwe wakinuna. Bibi aliambiwa aache, akaacha. Miezi yake ya mwisho Kiingereza kilimtoka kabisa, kikabaki Kiholanzi, na wanawe walikaa kando ya kitanda wasielewe neno. Nilijifunza kumsalimia asubuhi, "goedemorgen." Basi hapo alinishika mkono na kunisimulia jambo refu, kila siku, akitua mahali palepale kusubiri nimjibu.