Jibu: Mama wa mtoto kaniachia kichanga, nianzie wapi?

Kaka, nimekusoma. Mwenzio kakuachia mtoto wa miezi miwili hapo Rotterdam, Uholanzi, wiki ya pili sasa simu hapokei, na wewe hata nepi hujawahi kumfunga mtu. Mimi yalinikuta Utrecht. Usiku wa kwanza nilipotea hesabu ya vijiko vya maziwa ya unga, nikamwaga chupa nzima, nikaanza upya huku binti analia mpaka jirani akagonga ukuta.

Swali kubwa: ulimtambua mtoto kisheria, yaani kuandikishwa kuwa baba yake, pale gemeente (ofisi ya manispaa)? Kwa waliotambua tangu Januari 1, 2023, kwa kawaida mamlaka ya mzazi, ile haki ya kumwamulia mtoto mambo yake, mnakuwa nayo wote wawili. Kama hukumtambua, kumtambua sasa utahitaji idhini ya mama, naye simu hapokei, kwa hiyo wapigie Juridisch Loket, ofisi ya msaada wa sheria, ushauri wao ni bure. Ukiwa gemeente, ulizia pia kumhamishia kwenye anwani yako, halafu waulize SVB, ofisi ya serikali ya mafao, habari za kinderbijslag, ile hela ya mtoto ya kila miezi mitatu.

Kazini omba calamiteitenverlof, likizo fupi ya dharura, leo hii. Usijifanye mgonjwa, utaumbuka.

Joto la mtoto likifika nyuzi 38, mpigie huisarts, daktari wa familia, saa hiyo hiyo. Kwa umri huo hakuna kusubiri asubuhi. Na wazo lako la kumpeleka kwa bibi yake Mombasa liache kwanza: bila ruhusa ya mama linaweza kuhesabiwa utekaji wa mtoto.

Halafu huyo mama, kabla hajaondoka alikuwa hapati usingizi, analia ovyo? Mwambie huisarts na hilo. Huenda anaumwa.