Kuthamini mifugo inayochinjwa wakati wa mlipuko wa ugonjwa, ili mfugaji alipwe fidia: kwa mnaoanza kazi hii

Siku ya mlipuko hakuna bei ya soko, kwa hiyo msiende kuitafuta huko. Minada imefungwa, malori yamezuiwa, na dalali anayezunguka akinunua kwa bei ya kutupa anajua kabisa kwamba wafugaji wameshikwa na hofu. Bei yako itoke kwenye rekodi za mnada na stakabadhi za wiki za kabla ya karantini. Zikusanye kabla hujafika bandani.

Someni yaliyotokea Uingereza. Ugonjwa wa miguu na midomo ulithibitishwa 20 Februari 2001 kwenye machinjio moja ya Essex, na siku tatu baadaye usafirishaji wa mifugo ukapigwa marufuku. Sheria yao ilitaka mnyama mgonjwa alipwe thamani aliyokuwa nayo kabla tu hajaugua. Mimi naona hapo walipatia: mfugaji akijua ng'ombe anayechechemea atalipwa kama mzima, ana sababu ya kupiga simu leo badala ya kumficha nyuma ya nyumba. Mkilipa nusu bei, mtasikia habari za ugonjwa ukiwa umeshafika kijiji cha tatu.

Lakini tathmini za mmoja mmoja zilichelewesha uchinjaji, basi Machi 22 serikali ikatoa viwango maalumu vya bei, vya ukarimu, ili kazi iende haraka. Mfugaji aliruhusiwa kuvikubali au kumwita mthamini. Matokeo yake mngeyatabiri wenyewe: viwango vikawa sakafu, mthamini akianzia hapo na kupanda juu. Wanyama zaidi ya milioni 6 walichinjwa, na fidia ikapita pauni bilioni 1. Ukipewa orodha ya bei, uliza kwanza: hiki ni kikomo, au ni mwanzo wa mabishano?

Kwa homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo huku kwetu ndiyo mtakutana nayo zaidi, mara nyingi hakuna mizani. Chukua futi ya fundi cherehani. Pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, kisha urefu kutoka katikati ya masikio hadi shina la mkia. Mzunguko zidisha kwa mzunguko, kisha kwa urefu, vyote kwa mita, halafu kwa 69.3. Mwenye mzunguko wa 1.1 na urefu wa 1.2 ana takriban kilo 100. Kwa nguruwe wa nyama inatosha. Jike mwenye mimba usimpime kwa kilo, utamdhulumu mwenyewe. Omba daftari la kupandisha, uone amezaa mara ngapi na vitoto wangapi waliachishwa kunyonya wakiwa hai.

Buti zisafishwe kwa dawa unapoingia na unapotoka, na siku hiyo usiende shamba jingine. Hilo halina mjadala.

Piga picha kila mnyama akiwa hai, hereni ya sikio ionekane. Ukishafika wakati wa kuhesabu mizoga, unabishana na shimo.

Na kabla ya kutoa fomu ya bei, mwambie mfugaji, "Pole sana mama," kisha nyamaza kidogo, usimkimbize. Asaini kabla mnyama wa kwanza hajachinjwa. Akikataa bei yako, andika bei anayoitaka yeye na sababu yake kwenye fomu hiyo hiyo, umwachie nakala, na umweleze rufaa anaipeleka wapi.