Kabla Hujaandika Brussels, Uliza Kama Serikali Yako Imo

Jumapili nilipata ujumbe wa dada mmoja anayeishi Copenhagen. "Kaka, nimeona picha za mradi wenu hapo Malmö, na nembo ya Ulaya ukutani. Sisi pia tuna chama cha akina mama, tupo 22. Nipe anwani ya Brussels niandike ombi." Swali hili nimeulizwa mara nyingi, kwa hiyo namjibu hapa, na wengine msome.

Dada, Denmark haimo. Kutoka kwangu hapa Malmö, Sweden, hadi kwako ni kama dakika 40 kwa treni, daraja moja tu, lakini Mfuko wa Hifadhi, Uhamiaji na Utangamano wa Umoja wa Ulaya, huu tunaouita AMIF, unaishia upande wetu wa maji. Wadenmark waliukataa Mkataba wa Maastricht kwa kura mwaka 1992, serikali yao ikarudi mezani na kupewa ruhusa ya kubaki nje ya mambo kadhaa, na mambo ya hifadhi yakaja kuwa humo. Ireland nayo ina haki ya kukaa nje, ila kwa mfuko huu ilichagua kuingia. Uingereza ilikuwemo katika awamu ya 2014 hadi 2020, ikatoka mfukoni ilipojitoa kwenye Umoja wenyewe.

Ndiyo maana nasema uanze na serikali yako. Awamu ya 2021 hadi 2027 ina kama euro bilioni 9.9, na asilimia 63.5 ya fedha hizo ni za programu za nchi. Kila serikali inayoshiriki huandika programu yake, Tume ya Ulaya kule Brussels huiidhinisha, kisha ofisi ya nchi hutangaza na kupokea maombi. Hapa Sweden ni Migrationsverket, idara ya uhamiaji. Serikali isiposhiriki hakuna tangazo, hata ombi lako liwe zuri namna gani.

Mimi nilichelewa kulijua hilo. Nilitoka kambi ya Kyangwali, Uganda, mwaka 2016. Kule "nchi ya tatu" ilikuwa Ulaya: ya kwanza Kongo, ya pili Uganda, ya tatu ni pale ndege itakapotua. Nilipofungua kanuni za mfuko nikakuta "raia wa nchi za tatu", yaani wasio raia wa Umoja, ni sisi wenyewe. Nikasoma zaidi. Katika kanuni za 2014, wakimbizi wa Afrika Mashariki na Maziwa Makuu walikuwa kwenye orodha ya kipaumbele, na nchi ya Ulaya iliyowapokea ilipewa euro 10,000 kwa kila mtu, badala ya 6,000 za kawaida. Usiku ule sikulala vizuri. Kuona kichwa chako kimeandikiwa bei kunauma, nisiwafiche. Lakini wanaosema vikaoni kwamba "pesa zetu zililiwa" wanakosea. Zilikuwa za serikali, kwa kazi ya kupokea watu. Hazikuwa za mfukoni mwako.

Ombi la kwanza tuliandika wenyewe, mimi, mke wangu na katibu wa chama, wiki sita. Likakataliwa, na kwa haki. Mfuko hulipa hadi asilimia 75 ya gharama, na unaweza kufika 90 kwa kazi ya utangamano inayofanywa na serikali za mitaa na vyama vya kiraia. Kinachobaki unakitafuta wewe, na sehemu kubwa ya malipo huja baada ya kutumia na kuthibitisha. Benki tulikuwa na kronor 18,000. Mshahara wa mtu mmoja tungeulipa na nini?

Baadaye shirika moja kubwa lilituita, likasikiliza wazo letu: akina mama wa Kiswahili wawaongoze wageni wapya kliniki na shuleni. Mwaka uliofuata nikalikuta wazo lile kwenye ombi lao, hadi mfano wa mama na kadi ya chanjo niliowapa mimi. Jina letu halikuwemo. Sijasahau.

Kwa hiyo tulipoingia kwenye mradi huu na manispaa, tulitia saini mkataba wa ushirika kabla sijafungua mdomo. Mradi umefungwa juzi, hesabu zimekubaliwa, kila kronor. Nashukuru, na najivunia.

Ila kuna siku moja ya mwezi wa kwanza wa mradi ambayo bado ninayo moyoni. Akina mama 31 walikuja, na 14 kati yao walikuwa na pasipoti ya Sweden. AMIF ni kwa wasio raia wa Umoja; saa za wale 14 zisingehesabiwa. Mmoja alifika 2011, akapata uraia, lakini barua ya shule ya mwanawe bado anasomewa. Ilibidi nimweleze kwamba uraia wake umemtoa darasani. Aliniuliza, "Kwa hiyo nirudishe pasipoti?" Tukafungua darasa la pili Jumamosi, kwa michango yetu, na hadi leo linaendelea.

Mnisikilize basi. Tunzeni risiti. Andikeni saa za kazi siku hiyo hiyo, si mwisho wa mwezi. Hakikisheni hadhi ya ukaazi ya kila mtu kabla hajaandikwa kwenye mahudhurio. Na risiti, tena risiti! Watu wetu tunapenda uzinduzi, sare na picha, faili tunamwachia katibu peke yake, halafu tunasema wazungu wametubagua. Acheni hivyo.

Nawe dada, Denmark imo katika Mfuko wa Jamii wa Ulaya, unaohusu zaidi ajira na ujuzi. Nenda kwenye manispaa yako, ukaulize wanashirikiana na nani. Wazo lenu msilimwage kikaoni kabla ya karatasi kutiwa saini. Jumamosi ijayo, darasa likiisha, nitapanda treni ya saa tisa. Niletee katiba ya chama na hesabu za mwaka jana.