Maswali na majibu: ubora wa kozi za mtandaoni

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa watu waliotwishwa kazi ileile: kozi ya chuo iliyozoea ubao na chaki imehamia mtandaoni, na wakubwa wanataka kuhakikishiwa kwamba ina ubora. Maswali nimeyafupisha.

Chuo chetu kimeunda kamati ya kuandika vigezo vya ubora. Tumeketi vikao vinne na bado tunabishana maana ya neno "ubora". Tuanzie wapi? (Katibu wa kamati)

Ahirisheni kikao cha tano, mkasome kazi za waliotangulia. Mpango wa Quality Matters ulianzia Maryland, Marekani, mwaka 2003, na vigezo vyake vimepangwa katika makundi 8: utangulizi wa kozi, malengo ya kujifunza, upimaji, nyenzo, shughuli za wanafunzi, teknolojia, huduma za msaada, na ufikivu, yaani kozi iweze kutumiwa hata na mwenye ulemavu. Kozi hupitiwa na watu watatu. Angalau mmoja anatoka nje ya chuo na angalau mmoja ni mjuzi wa somo lenyewe. Vipo vigezo vya lazima. Ukikosa kimoja tu hupiti, hata kama kwingine kote umejizolea alama.

Upo pia mwongozo wa OSCQR, uliozaliwa katika mfumo wa vyuo vikuu vya jimbo la New York. Una vigezo 50 na unatumika bure. Hautoi alama. Kila kasoro hukadiriwa muda wa kuirekebisha: nusu saa, hadi saa mbili, au zaidi. Mimi ningeanza na huu. Kamati hupenda kugawa alama, ilhali mhadhiri anachotaka kujua ni kipi anaweza kukimaliza kabla ya Ijumaa.

Niliandika lengo, "Mwanafunzi ataelewa dhana ya uwezekano". Mkaguzi amelikataa, anataka "atakokotoa" au "ataeleza". Huu si mchezo wa maneno? (Mhadhiri wa takwimu)

Ni mchezo wa maneno kama utabadili kitenzi na kuacha mengine yote yalivyo, na wengi hufanya hivyo. Orodha ya vitenzi inayotokana na ngazi za kufikiri zilizopangwa na Benjamin Bloom na wenzake mwaka 1956 imegeuzwa dawa ya kutwa mara tatu: chukua "kuchambua", weka "kutathmini", kozi imepona.

Tuchukue lengo lako tulivue koti. Tuseme unataka mwanafunzi aweze kukokotoa uwezekano kwamba mtu ambaye kipimo kimemwonyesha mgonjwa ni mgonjwa kweli, kisha amweleze jibu hilo mtu asiyesoma takwimu. Sasa fungua jaribio la wiki hiyo. Kuna maswali 10 ya kuchagua, manane yanauliza fasili. Fungua video: dakika 40 za kuthibitisha kanuni hatua kwa hatua. Lengo linataka kukokotoa na kueleza, video inathibitisha, jaribio linakaririsha. Kila kimoja kimeshika njia yake, na mwanafunzi, ambaye si mjinga, atafuata njia yenye alama.

Anza na jaribio. Wataalamu wa elimu Grant Wiggins na Jay McTighe walipendekeza mwaka 1998 kupanga kinyumenyume: kwanza amua mwanafunzi aweze nini, halafu ni ushahidi gani utakuonyesha kwamba anaweza, masomo yaje mwisho. Kwako ushahidi unaweza kuwa swali moja tu. Watu 1,000 wamepimwa. Wagonjwa ni 10, na kipimo kimewanasa 9. Kati ya wazima 990, kimewasingizia 99. Aliyeambiwa ni mgonjwa ana uwezekano gani wa kuwa mgonjwa kweli? Jibu ni 9 kati ya 108, yaani kama asilimia 8. Kisha mwambie aandike aya moja ya kumtuliza mtu huyo bila kutumia neno "uwezekano". Ukisoma aya 30 za namna hiyo utajua nani ameelewa, na utajua pia video yako ikatwe wapi. Kitenzi cha lengo kitajileta chenyewe.

Nina rekodi za mihadhara yangu ya darasani, kila moja dakika 90. Nikizipandisha zote si kozi tayari?

Hapana, hiyo ni ghala. Mtafiti Philip Guo na wenzake walichunguza kozi za edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, wakachapisha matokeo mwaka 2014: katika takriban mara milioni 6.9 ambazo video zilitazamwa, muda wa kati wa kutazama haukuzidi dakika 6, hata video iwe ndefu kiasi gani. Rekodi za darasani zilishindwa na video zilizotengenezwa mahususi kwa mtandao, hata zile za mtu aliyeketi ofisini akiongea na kamera.

Ila usichukue mkasi ukakata kila dakika ya sita kama anayegawa mkate. Kata pale wazo linapoisha, na katikati ya vipande weka kitu cha kufanya. Ondoa pia "kama nilivyosema wiki jana" na "futeni ubao", maana ubao wenyewe haupo.

Kwenye mijadala wanafunzi wanaandika "Nakubaliana na mwenzangu, hoja nzuri" halafu wanatoweka. Niwalazimishe maneno 200?

Watakuandikia maneno 200 ya kukubaliana. Tatizo liko kwenye swali. "Jadili umuhimu wa maadili katika uhasibu kisha wajibu wenzako wawili" lina jibu moja, na wa kwanza kufika amelimaliza. Wape kisa ambacho watu wenye akili timamu wanaweza kupingana: mhasibu amegundua kosa dogo kwenye hesabu ambazo bosi ameshazitia sahihi, na ukaguzi ni kesho asubuhi. Afanye nini usiku huu? Ligawe darasa katika vikundi vya watu sita au wanane, kwa sababu kwenye uzi wa watu 80 hakuna anayemsoma mwenzake. Kama baada ya hapo swali bado halina la kubishaniwa, lifute. Si kila wiki inahitaji mjadala.

Sina mwanafunzi asiyeona wala asiyesikia. Kwa nini nihangaike na manukuu ya video na rangi?

Umejuaje kwamba huna? Wengi hawajitangazi. Manukuu yanamfaa pia anayetazama ndani ya basi lenye kelele na anayesoma kwa lugha yake ya pili au ya tatu. Kuhusu rangi, mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa kurasa za mtandao, WCAG, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandharinyuma kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1, kwa hiyo yale maandishi ya kijivu hafifu juu ya nyeupe yaage. Halafu fungua PDF zako ulizopiga skani na ujaribu kuchagua sentensi moja kwa kipanya. Isiposhikika, ujue hiyo ni picha, na programu ya kusomea skrini haitapata humo hata neno moja.

Nina saa moja tu kabla muhula haujaanza. Nirekebishe nini?

Ukurasa wa kwanza. Niliwahi kupewa kozi niikague, nikakuta salamu ndefu, picha ya mhadhiri na vitufe 11. Hakuna hata kimoja kilichosema nianzie wapi. Silabasi niliikuta ndani ya folda iliyoitwa "Mengineyo". Weka "Anza hapa", kisha kazi za wiki ya kwanza, tarehe ya kazi ya kwanza, na mahali pa kuuliza. Mpe ndugu au rafiki asiyelijua somo aingie kama mwanafunzi, ukae nyuma yake bila kusema neno. Kila atakapogeuka kukuuliza, andika.

Kozi yetu ilipita ukaguzi kwa alama 96. Muhula uliofuata theluthi ya wanafunzi waliacha njiani. Ukaguzi ulikuwa na faida gani? (Mratibu wa programu)

Ukaguzi uliangalia nyumba. Haukuangalia kama mwenyeji yupo. Vigezo vya usanifu hupima kozi ilivyopangwa, na ufundishaji wenyewe hauonekani humo. Watafiti Randy Garrison, Terry Anderson na Walter Archer waliandika mwaka 2000 kwamba darasa la mtandaoni linahitaji uwepo wa aina tatu: wa kufikiri, wa kijamii, na wa mwalimu. Serikali ya Marekani nayo inadai mawasiliano ya mara kwa mara na yenye maana kati ya mwalimu na wanafunzi, la sivyo kozi huhesabiwa kuwa ya posta. Kanuni zake zilizoanza Julai 2021 zinataja mifano: kufundisha moja kwa moja, kutoa maoni juu ya kazi, kujibu maswali, kuongoza mjadala.

Kabla hamjagusa usanifu tena, chukueni orodha ya walioacha na mwangalie kila mmoja aliingia mara ya mwisho tarehe ngapi. Wakirundikana kwenye wiki mojawapo, fungueni wiki hiyo msome mlichowapa kufanya. Kisha linganisheni tarehe ya kukusanya kazi ya kwanza na tarehe mliyoirudisha ikiwa na maoni. Kama kazi ya pili ilikusanywa kabla ya ya kwanza kurudi, niandikie tena ukinieleza nani husahihisha, na ana wanafunzi wangapi.