Hema mchangani au msituni? Jibu kwa mlezi wa vijana wa Malindi

SWALI: Mimi ni mwalimu na mlezi wa kikundi cha vijana hapa Malindi. Mwezi wa Agosti nakusudia kuwapeleka vijana 18, pamoja na mlezi mwenzangu, katika kambi ya siku tatu. Mwaka jana tulifika ufukoni baada ya magharibi, tukasimamisha mahema mwendo wa saa mbili usiku, bahari ikiwa mbali kabisa. Upepo uling'oa vigingi vya mahema matatu, na kabla ya alfajiri maji yakaingia katika yale yaliyokuwa mbele. Je, mwaka huu turudi pwani, au twende msitu wa Arabuko-Sokoke? Na tujitayarishe vipi?

JIBU: Mwalimu, ahsante kwa swali lako, na nashukuru kwamba hakuna kijana aliyedhurika. Kwa ushauri wangu, mwezi wa Agosti laleni upande wa msitu na mwende pwani mchana. Mimi ni mwongoza kambi, na sababu zangu nitazieleza kwa urefu, kwa kuwa mkizifahamu mtaweza kuchagua mahali wenyewe hata katika miezi mingine.

Nianze na maji, kwa kuwa ndiyo yaliyowatia hatarini. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku huchelewa kwa muda wa kama dakika 50. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu pamoja na siku moja mbili zinazofuata, maji hujaa kabisa karibu na saa kumi jioni na tena karibu na saa kumi usiku, kisha hupwa kabisa karibu na saa nne, usiku na asubuhi. Mlipofika saa mbili usiku maji yalikuwa yakipwa, na upepo ulikuwa umeukausha mchanga wa juu uliokuwa chini ya bahari saa chache tu kabla, hivyo tochi zenu hazikuweza kuwaonyesha chochote cha kuwatahadharisha. Naamini mliangukia siku za bamvua, maana ndizo siku ambazo bahari hurudi wakati watu wamelala usingizi mzito. Wavuvi wetu hawahitaji jedwali kulijua hili, bali hutazama mwezi. Nawe, ukiifuata kalenda ya mwezi mwandamo, chagua tarehe ya 8 hadi ya 10, au ya 22 hadi ya 24, siku za maji mafu, ambapo bahari haipandi sana wala haishuki sana.

Hata hivyo, tarehe nzuri haitoshi ikiwa mahali penyewe ni pabaya. Fikeni mapema, kabla ya saa kumi jioni, mtembee ufukoni mkitazama chini. Mtaona mistari ya mwani, vijiti na vifuu ambayo bahari imeiacha, na mara nyingi huwa zaidi ya mmoja: ule wa chini, wenye mwani mbichi, ni wa jana au leo, na ule wa juu kabisa, wenye takataka kavu zilizochakaa, ni wa bamvua kubwa. Hema lisimame juu ya mstari huo wa juu, nyuma ya mahali mlakasa unapoanza kutambaa, kwa sababu mmea huo haumei mahali ambapo maji ya chumvi huufunika mara kwa mara. Msilale chini ya mnazi, hata kama kivuli chake kinapendeza. Nazi moja iangukayo usiku yatosha kumuua mtu.

Kuhusu upepo, Agosti ni mwezi wa kusi, nao huvuma kutoka baharini mchana kutwa na pengine usiku kucha. Kigingi cha chuma chenye urefu wa shibiri moja hakishiki katika mchanga mkavu, hata ukikigongomea mpaka kichwani. Funga kamba katikati ya kijiti kinene chenye urefu wa kama nusu mita, au kwenye mfuko wa gunia uliojazwa mchanga, kisha ukifukie kwa kina cha sentimita 40, kikilala kukingama na upande kamba inakovutia, umwagie maji na kushindilia kwa miguu. Nimeona mahema yaliyofungwa hivyo yakistahimili usiku ambao mengine yalikuwa yakiburutwa hadi kwenye mivinje. Mlango uelekee kaskazini, na mgongo wa hema, hasa upande wake mwembamba, ukabili upepo. Vijiti vyenyewe vitoke nyumbani, visikatwe mikokoni.

Pwani ina wenyewe pia, na hili naliomba kwa moyo wangu wote. Kasa hutaga katika fukwe za Watamu na Malindi, na mayai yake hukaa mchangani kwa kama siku 60 kabla ya kuanguliwa. Vifaranga hutoka usiku na kufuata upande ulio na mwanga zaidi, ambao kwa asili huwa ni bahari. Wakiona moto wenu au taa nyeupe, wataelekea kambini na kufa kabla ya kuyafikia maji. Kwa hiyo ufukoni usiwashwe moto, na taa ziwe chache, nyekundu, zikielekezwa chini.

Sasa tuje msituni. Arabuko-Sokoke una eneo la kama kilomita za mraba 420, na kituo chake cha Gede kiko kandokando ya barabara ya Mombasa na Malindi, mwendo mfupi kutoka mjini. Nendeni hapo wiki kadhaa kabla, mpate idhini, mwonyeshwe mahali palipotengwa kwa kambi, na muulize habari za ndovu. Ndovu wapo ndani ya msitu huu, na njia wanayoipita si mahali pa kulala watoto: mkiona kinyesi chao au matawi yaliyovunjwa karibuni, ombeni mahali pengine. Maembe, ndizi na miwa visiingie hemani kamwe, kwa sababu harufu yake huwavuta ndovu na nyani pia.

Udongo wa msitu hauko sawa. Penye miti ya mrihi mchanga ni mweupe, mvua hunywewa upesi, na miti imeachana kiasi cha kuruhusu hema. Penye udongo mwekundu vichaka vimesongamana, na manyunyu ya kusi huufanya uteleze hata gari lishindwe kupita. Ombeni upande wa mrihi. Kabla ya kutandika, inueni macho mtafute matawi makavu yaliyoning'inia, kisha tazameni chini. Mkiona kilima kidogo cha majani makavu, kikiwa cha duara na kimepangwa kuliko majani mengine, msikifagie wala kukikanyaga. Hicho ni kiota cha sange mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, ambaye kwa sehemu kubwa amebaki katika msitu huu peke yake duniani, naye hulala ndani yake usiku.

Kuhusu vifaa nitasema kwa ufupi. Watu 20 kwa lita 5 kila siku, kwa siku tatu, ni lita 300, yaani madumu 15 ya lita 20. Msitegemee visima vya karibu na bahari, kwani vingi vina chumvi. Mahema yawe na wavu usiotoboka, kwa sababu ya malaria. Pikeni kwa jiko la gesi. Kila kijana awe na tochi na viatu vya kufunika mguu, na asitoke usiku bila vyote viwili, kwa kuwa moma, nyoka mwenye sumu, hulala njiani wala hampishi mtu. Choo kiwe mbali na kambi, na mlezi mmoja awe macho kwa zamu.

Mkiwa na siku moja ya ziada, itumieni kabla ya safari: simamisheni mahema yote katika uwanja wa shule, wakati wa upepo, na vijana wenyewe wafukie kamba na kuzivuta.