Maswali ya Wasomaji: Kuwinda Sungura Wakati wa Theluji

SWALI: Ndugu Mhariri, huu ni msimu wangu wa pili wa kuwinda sungura majira ya baridi, na ninawinda peke yangu bila mbwa. Nyayo naziona kila mahali, lakini sungura wenyewe siwaoni, na nikimwona mmoja huwa ameshatimka nyuma yangu. Nakosea wapi?

JIBU: Kwa maelezo yako, unatembea mno. Silaha ya kwanza ya sungura ni kutulia, wala si mbio kama wengi wanavyodhani, na maadamu anasikia hatua zako zikiendelea kwa mwendo uleule, atabaki amejikunyata chini ya kichaka na kukuacha umpite, hata kama mko karibu kiasi cha kugusana. Kinachomtia hofu ni kimya cha ghafla, kwa sababu mnyama mla nyama husimama anapokwisha kumwona mawindo wake. Piga hatua tano au sita, kisha simama nusu dakika au zaidi. Mara nyingi atachomoka ukiwa umesimama, au pale unapoinua tena mguu, na kwa sababu hiyo chagua pa kusimama: ukisimama katikati ya miiba, huwezi kuinua bunduki, achilia mbali kulenga.

Kuhusu nyayo, wingi wake usikudanganye, kwani sungura mmoja mwenye njaa anaweza kuchafua theluji ya kichaka kizima kwa usiku mmoja. Zisome moja moja. Sungura anaporuka, miguu mirefu ya nyuma hutua mbele ya ile ya mbele, hivyo alama mbili kubwa zilizo sambamba ndizo zinazoonyesha anakokwenda, na zile ndogo hubaki nyuma. Alama yenye kingo kali na theluji laini ndani yake ni ya karibuni, ilhali iliyoganda barafu au kulegea kwa jua ni ya zamani. Kisha inama utazame vijiti. Majira haya sungura huishi kwa magome na matawi machanga, na kijiti alichokikata huwa na mkato safi wa mshazari kana kwamba kimepitiwa na kisu, tofauti na kile kilicholiwa na paa au kulungu, ambao hawana meno ya mbele ya juu na hivyo hukiacha kikiwa kimechanika nyuzinyuzi. Ukikuta mikato ambayo bado mibichi, vinyesi vya mviringo na madoa ya mkojo wa rangi ya machungwa, ambayo wageni huyadhania damu lakini hutokana na mimea aliyokula, basi umefika mezani kwake, na kitanda chake hakiko mbali.

Siku ya tufani yenyewe ni afadhali ukae nyumbani. Sungura hujificha hadi hali itulie, na wale wa mkia-pamba wa Amerika Kaskazini, ambao hawachimbi mashimo yao wenyewe, huingia katika mashimo yaliyoachwa na wanyama wengine. Jua likichomoza baada ya tufani hutoka kuota joto, kwa hiyo katika kizio cha kaskazini anza na miteremko inayoelekea kusini, hasa penye marundo ya matawi na miiba inayokinga upepo. Wala usitafute umbo la sungura mzima. Tafuta jicho: ni tone jeusi la mviringo, na katika kichaka chenye theluji hakuna kitu kingine kinachofanana nalo.

Jicho hilo ndilo linalomsaliti hata sungura wa theluji, ambaye manyoya yake hugeuka kuwa meupe majira ya baridi. Mabadiliko hayo hufuata urefu wa mchana, si theluji, na theluji ikichelewa humkuta amekwisha kuwa mweupe juu ya ardhi ya kahawia. Sheria inaweza kuruhusu kumpiga katika hali hiyo, lakini kwa maoni yangu huo ni uwindaji usio na ladha.

SWALI: Rafiki yangu ana mbwa wawili wa aina ya Beagle na amenialika. Mbwa wakishapata harufu, niwafuate?

JIBU: Usiwafuate. Sungura wa mkia-pamba huishi katika eneo dogo analolijua vizuri na hapendi kulihama, hivyo akifukuzwa huzunguka na kurudi karibu na pale alipoibuliwa. Sungura wa theluji naye huzunguka, ila mduara wake ni mpana zaidi na subira yako sharti iwe ndefu zaidi. Nenda pale alipotimkia, tafuta mahali palipoinuka kidogo penye uwazi, kisha ukae kimya. Sauti za mbwa zitakueleza anakotokea, naye huwatangulia kwa mbali, akija polepole na kusimamasimama kusikiliza. Vaa koti la rangi kali ya machungwa, ujue kila mwenzako amesimama wapi, na usifyatue risasi chini kuelekea kichaka ambacho mbwa huenda wamo. Leseni, tarehe za msimu na idadi inayoruhusiwa kwa siku zichunguze mapema kwa mamlaka ya wanyamapori ya mahali mnapokwenda, kwa kuwa nchini Marekani, kwa mfano, kila jimbo lina kanuni zake.

SWALI: Nilipompasua sungura nilikuta ini lina madoadoa madogo meupe. Wazee husema baada ya jalidi kali nyama huwa salama. Je, ni kweli?

JIBU: Wana sehemu ya ukweli. Baridi kali hupunguza kupe na inzi wanaouma, ambao hueneza ugonjwa wa sungura uitwao tularemia, na sungura aliyeugua hufa upesi, lakini baridi haiwi hakikisho. Madoa hayo kwenye ini au wengu ni mojawapo ya dalili za ugonjwa huo, unaosababishwa na bakteria na unaoingia mwilini kwa urahisi kupitia mchubuko wa ngozi wakati wa kuchuna. Yapo maradhi mengine yanayoleta madoa, ila huwezi kuyatofautisha kwa macho ukiwa porini. Mtupe sungura huyo wote, usiwape mbwa hata kipande, unawe mikono kwa sabuni na usafishe kisu. Hata sungura anayeonekana mzima mchune ukiwa na glovu, na nyama yake uipike hadi ndani ifike nyuzi 74 za Selsiasi. Ukipata homa, kidonda mkononi au uvimbe wa tezi za kwapani siku chache baadaye, mwambie daktari waziwazi kwamba ulishika sungura wa porini, kwa maana tularemia hutibika kwa antibiotiki, lakini daktari asiyedokezwa anaweza kuidhania mafua.