Kuanzia komyuniti koleji Marekani halafu uhamie chuo kikuu, dharau ipo?

Mdogo wangu umeuliza kama ukianzia komyuniti koleji (vile vyuo vya miaka miwili) huko California halafu ukahamia UC, yaani University of California yenye kampasi kibao, watu watakuona kilaza. Wapo watakaokuona hivyo, na wa kwanza sio Wazungu, ni Wabongo wenzako. Mimi nimepita njia hiyohiyo. Kila kwenye shughuli nikiulizwa nasoma wapi nikitaja koleji yangu, unasikia "aah, si haba, Mungu atafungua njia", halafu anasifiwa mtoto wa fulani aliyeingia chuo kikuu moja kwa moja na mkopo wake wa kutisha, wakati mimi nalipa bei ya mkazi, dola 46 kwa yuniti (kipimo cha uzito wa somo).

Chuo kikuu dharau ni ya chinichini. Tumegawana makundi ya projekti, jamaa ananiuliza kalkulasi nilisomea hapo hapo, nikamwambia hapana nimehamia, basi kazi niliyopewa ni kupanga slaidi. Nilizipanga na hesabu zao nikazikagua, mbili zilikuwa zimekosewa.

Ila kinachowapa watu maneno ni kalenda, na hili hawakwambii. Koleji nyingi zinaenda kwa semesta, kampasi nyingi za UC zinaenda kwa kwota, yaani muhula mfupi wenye wiki 10 tu za masomo (Berkeley na Merced ndio wana semesta), yaani wiki ya 4 uko kwenye mtihani na hata maktaba hujaizoea, tena umeingilia mwaka wa tatu kwenye masomo mazito yote kwa mkupuo, wenzako wako pamoja tangu mwaka wa kwanza wana makundi yao ya diskasheni na mitihani ya nyuma wanapeana. Maksi zikishuka kidogo kwota ya kwanza, "si tulisema". Wewe kwota hiyo chukua masomo matatu basi, na ofisi za walimu uanze kwenda wiki ya kwanza, usingoje uzame.

Kabla ya kuhama ingia tovuti ya ASSIST uone somo lipi la koleji yako linakubalika kampasi ipi, maana kurudia somo ulilofaulu kunauma kuliko maneno ya watu. Halafu kuna TAG, ile ahadi ya nafasi ukitimiza masharti, kampasi 6 wanayo, ila Berkeley, UCLA na San Diego hawana. Unataka kozi gani lakini? Kama ni kompyuta sema mapema, kuna kampasi zenye TAG ambazo kozi hiyo wameiondoa kwenye hiyo ahadi.